Mrejesho: klachi plati peke yake au seti nzima?

Wakuu, niliuliza kama nibadilishe klachi plati tu wakati nabadilisha giaboksi ya gari. Nimeweka seti nzima: plati (sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi), presha plati (inayoikandamiza plati kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini) na rilizi beringi (inayosukuma vidole vya presha plati ukikanyaga klachi). Beringi ya zamani ukiizungusha kwa kidole inakwaruza, na vidole vya presha plati vimechimbika pale beringi inapogusa. Plati yenyewe, cha ajabu, bado ilikuwa na nyama (unene wa kushikia). Flaiwili ilikuwa na madoa ya bluu ya joto ila haina nyufa, ikachongwa tu. Aliyesema nikague sili ya nyuma ya krenki (inayozuia oili ya injini isitoke upande wa klachi), ubarikiwe: ilishaanza kuvuja, na oili ikifika kwenye plati, klachi inateleza hata iwe mpya. Sasa pedali ni laini, na gia ya rivasi inaingia bila kelele.