Nafanya uhamali bandarini lakini tumbo halipungui: nile vipi nisiishiwe nguvu?

Hamali wa Funguni

Assalam aleikum jamaa zangu. Mie ni hamali pale Malindi ya Unguja, upande wa majahazi. Tunapakua mchele, unga, saruji, mbatata, chochote kinachokuja. Gunia la kilo 50 unaliweka begani, unashuka ubao, unalipanga garini, unarudi kuchukua jingine. Umri wangu miaka 37, kimo sentimita 172, uzito kilo 98. Juzi nilipimwa kiuno kikafika sentimita 112, na daktari akanambia presha imeanza kupanda, nipunguze mafuta ya tumboni kabla hajaniandikia dawa.

Kinachonitatiza ni hiki. Kila nikiuliza habari za kupunguza mwili naambiwa nifanye mazoezi na nipunguze chakula. Mazoezi gani tena kwa mtu anayebeba magunia? Na chakula nikikipunguza, kazi itafanyika kwa nguvu gani? Wapo wenzangu wanaosema nisile kitu mpaka magharibi. Naogopa kizunguzungu kinikute juu ya ubao na gunia shingoni. Nikianguka, naanguka na aliye nyuma yangu.

Ulaji wangu: alfajiri chai ya rangi na chapati mbili au boflo. Saa nne chai tena, maandazi na badia. Mchana wali na samaki kwa mamantilie, na soda baridi. Alasiri soda nyingine na chai. Usiku ndio nakula hasa: wali wa nazi au muhogo wa nazi, sinia moja na mke na watoto. Chai yangu vijiko vinne vya sukari. Siku ambazo jahazi hakuna tunakaa barazani tunasubiri, na tunakula kama kawaida. Nisaidieni.

Kijana wa Jang'ombe

Pole yakhe. Chemsha sanamaki na tangawizi, kunywa kikombe kila usiku. Wiki moja tu utaona tumbo limeingia ndani. Na mchana jifunge nailoni kiunoni utoke jasho.

Bint Kizimbani

Wa aleikum salaam kaka Hamali. Mimi ni muuguzi, na nitaanza na huyu ndugu wa Jang'ombe kabla hujaenda kununua hiyo sanamaki. Tafadhali usifanye. Sanamaki inaendesha tumbo. Kinachotoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yanabaki pale pale. Nailoni nayo inazuia jasho lisikauke, na jasho linapokauka ndipo mwili unapopoa. Mtu anayebeba mizigo juani akiharishwa na akafungwa nailoni, misuli inamkaza, moyo unamwenda mbio, na anaweza kuzimia kwa joto. Hilo ni jambo la kuua mtu.

Sasa tuje kwenye suala lako, kwa hesabu, maana humo ndimo jibu lilimo. Mtu wa uzito wako, hata akilala kutwa, mwili wake unatumia karibu kalori 1,900. Siku ya kupakua jahazi unaweza kufika 3,300 au kupita. Siku ya barazani ni kama 2,400. Tofauti ya karibu 900, na umesema mwenyewe siku zote mbili unakula sawa. Kwa hiyo kazi yako ni nzito kweli, hakuna anayeibeza, lakini si nzito kila siku. Ya ziada ya siku za kukaa ndiyo inayowekwa tumboni.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Ukipunguza 500 kwa siku, utashuka kama nusu kilo kwa wiki, na mtu wa kazi kama yako asitafute zaidi ya hapo. Anayekimbilia kilo tatu kwa wiki anapoteza maji na misuli, na misuli ndiyo inayokulisha.

Hizo 500 tutazitoa wapi? Tazama vikombe vyako. Chai tatu zenye vijiko vinne ni vijiko 12, karibu gramu 48 za sukari. Soda ya mililita 350 ina gramu 35 hivi, nawe unakunywa mbili. Jumla unapata gramu 118, yaani karibu kalori 470, na hujala bado hata tonge moja la wali. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula chote, na ikiwezekana asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kwa hiyo soda acha kabisa, unywe maji, na chai ushuke kijiko kimoja kila wiki mpaka ubaki na kimoja au usiwe nacho. Ulimi unazoea, wallahi. Chakula cha kazi hujakigusa na 500 zako karibu zote umeshazipata.

La pili ni protini. Kwa mwili wako na kazi yako lenga gramu 120 kwa siku, misuli isiliwe pamoja na mafuta. Samaki aliyepikwa, nyama yake gramu 100, anakupa gramu 22 hivi. Yai lina 6. Bakuli dogo la kunde lina 13. Asubuhi yako haina hata kimoja katika hivi, ni unga na sukari tu, ndiyo maana saa nne unatafuta maandazi. Kula mayai mawili na kunde kwa chapati moja, kisha unambie kama utaikumbuka badia.

Mke wa Mvuvi, Nungwi

Kaka, mimi nazungumzia jikoni. Wali wa nazi usiuache, nani atakubali? Mwambie shemeji akikamua nazi, kasimele, lile tui zito la kwanza, aiweke kando kwa siku za wageni, wali aupikie tui la pili. Unanukia vile vile. Samaki wa kuchoma au wa kupaka, si wa kuzama kwenye mafuta kila siku. Mchicha na bamia ziwe nyingi.

Na hilo sinia. Mkila pamoja hujui umekula kiasi gani, na watoto wakishiba baba ndiye anayemaliza pembeni chakula kisitupwe. Usiondoke siniani ukawavunja moyo. Kaa nao, ila anza na samaki na mboga, wali uje nyuma, na kinachobaki kifunikwe kiwe cha asubuhi.

Mzee wa Wete

Nakuunga mkono binti yangu kuhusu siku za kukaa. Huku Pemba tunaliona kwenye karafuu. Msimu ukiwa umechanganya, kijana anapanda mikarafuu tangu asubuhi, jioni anachambua, mwili mwembamba. Karafuu zikisha, sahani inabaki ile ile, na baada ya miezi michache kanzu inambana. Mwanangu, siku jahazi halipo toa ile chapati ya pili na punguza wali nusu. Samaki usimpunguze. Na usikae barazani kutwa. Tembea mpaka Darajani urudi.

Hamali wa Funguni

Mwenyezi Mungu awalipe kheri nyote. Sikujua kama vikombe ndivyo vyenye mambo. Maswali mawili. Nimezoea kufunga Jumatatu na Alhamisi, niache? Na juani nikiacha soda, ninywe nini kinipe nguvu? Kuna wakati saa nane miguu inatetemeka.

Bint Kizimbani

Kufunga hakuna ubaya kwa mtu asiyetumia dawa za kisukari, kwa hiyo kapime sukari ya damu kwanza, maana kwa kiuno hicho ni lazima ujue. Daku ule kunde, mayai na uji wa mtama, si chai na mkate peke yake. Futari isiwe ya kulipiza kisasi kwa kachori na muhogo wa nazi. Siku ya shehena kubwa, kama una nafasi ya kuchagua, funga siku nyingine.

Miguu kutetemeka saa nane, mara nyingi ni maji. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi, usisubiri kiu. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, umechelewa. Dafu moja mchana ni zuri, lina chumvi za mwili na sukari yake ni ndogo kuliko ya soda. Ndizi mbivu mbili kabla ya kupakua zitakupa nguvu ya haraka. Kizunguzungu au maumivu ya kifua vikija, tua mzigo na uende hospitali, usimalize zamu.

Uzito usipime kila siku, jasho peke yake linaweza kukupunguza kilo moja au mbili na zikarudi usiku. Pima kiuno usawa wa kitovu kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya kula.

Hamali wa Funguni

Nimefahamu. Kesho chai vijiko vitatu. Mke wangu nimemsomea yote, amekubali kasimele, ila anauliza maharage ya nazi nayo vipi?

Mke wa Mvuvi, Nungwi

Hivyo hivyo, tui la pili. Mwambie atie nyanya, kitunguu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuka, na ndimu mezani. Nawe ule maharage mengi kuliko wali.