Chemsha bongo za hisabati, darasa la sita hadi kidato cha pili: tuchague zipi?

TichaMoro
Wakuu, habari za jioni. Naendesha klabu ya hisabati kila Jumamosi, watoto ni mchanganyiko wa darasa la sita mpaka kidato cha pili. Vifaa ni ubao, chaki na madaftari yao. Fotokopi ni ya kubahatisha. Nataka kitu cha kuwatoa jasho kweli, siyo hesabu za kitabuni zilizovikwa hadithi ya maembe na machungwa. Nimebaki na makundi manne: sudoku (kujaza vyumba kwa namba 1 hadi 9 bila kurudia), KenKen, mafumbo ya mantiki (wakweli na waongo, kuvuka mto na kadhalika), na karatasi za mashindano ya nje kama AMC 8 ya Marekani. Muda ni saa moja na nusu. Wenye uzoefu nisaidieni kipi kinafaa umri huu, na mtoe sababu, majina tu hayatoshi.

Dada_Sifuri
Kati ya hizo mbili za mwanzo chukua KenKen, sudoku iwe ya nyumbani. Sudoku ina mantiki nzuri lakini hesabu haimo: ondoa 1 hadi 9, weka herufi tisa, fumbo linabaki lilelile. Halafu kuna suala la ubao. Sudoku ni vyumba 81. Watoto wakinakili kutoka ubaoni, wa nyuma akikosea tarakimu moja tu fumbo lake limekufa, na atahangaika nusu saa nzima na kitu kisicho na jibu.

KenKen aliitunga mwalimu wa Kijapani, Tetsuya Miyamoto, mwaka 2004 kwa ajili ya wanafunzi wake, na ukiicheza unaona kabisa imetoka darasani. Namba hazijirudii katika safu wala safuwima, na vyumba vimefungwa katika vizimba, kila kizimba na jibu lake la hesabu. Chukua ya 4 kwa 4. Kizimba cha vyumba vitatu kimeandikwa 6×. Mtoto anatafuta namba tatu, kila moja kati ya 1 na 4, ambazo zikizidishwa zinatoa 6. Ni 1, 2 na 3 peke yake, kwa sababu 1, 1 na 6 inagoma: 6 haimo. Bado hajui ipi inakaa wapi, lakini kama vyumba hivyo vitatu viko kwenye safu moja, chumba cha nne cha safu hiyo ni lazima kiwe 4. Amefika hapo bila kubahatisha hata kidogo. Ukipanda 6 kwa 6, kizimba cha vyumba viwili cha 12× kinampa njia mbili, 2 na 6 au 3 na 4, na hapo vigawo alivyovikariri vinaanza kumfanyia kazi.

Kuchora ya 4 kwa 4 ubaoni ni dakika mbili.

Kete64
Mimi wa Unguja, kwa hiyo nitasema lile mnalolitarajia: bao. Mashimo 32, kete 64, na mtoto aliyekomaa hagusi kete kabla hajajua ya mwisho itaangukia wapi. Huko ni kuhesabu kichwani na kupanga hatua za mbele kwa pamoja. Ila kwa saa moja na nusu kwa wiki, na watoto wasiojua kunamua (kuingiza kete za akiba mwanzoni mwa mchezo), mwezi mzima utaishia kwenye sheria tu. Kama wapo wanaolijua tayari, weka mbao mbili pembeni kwa wanaowahi kumaliza.

Mwl_Witiri
TichaMoro, nimefundisha hisabati miaka mingi na nakushauri ubadilishe kipimo. Usiulize fumbo lipi ni gumu. Uliza lipi lina swali la pili. Swali la kwanza ni "fanya". Swali la pili ni "kwa nini haiwezekani vinginevyo?" Hapo ndipo hisabati ilipo, na watoto wa miaka kumi na mbili, kumi na tatu wanalimudi kabisa wakipewa nafasi.

Chukua chui, mbuzi na majani. Mwenye mtumbwi anavuka na kimoja tu kwa wakati. Chui akiachwa na mbuzi anamla, mbuzi akiachwa na majani anayala. (Ulaya linasimuliwa kwa mbwa mwitu na kabichi tangu zama za Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804.) Nusu ya darasa watakwambia wanalijua. Waache waoneshe: mbuzi avuke, urudi mtupu, chui avuke, urudi na mbuzi, majani yavuke, urudi mtupu, mbuzi avuke. Safari 7. Wengine wataanza na majani kabla ya chui, nayo ni sahihi.

Sasa uliza: inawezekana kwa pungufu ya 7? Wote watasema haiwezekani. Waambie, nithibitishieni. Ukumbi utanyamaza, na usiwasaidie haraka. Njia yenyewe ni hii. Idadi ya safari lazima iwe witiri, maana tunaanzia ng'ambo hii na kumalizia ile. Mizigo ni mitatu, kila safari ya kwenda inabeba mmoja, kwa hiyo kwenda si chini ya mara 3, na kurudi si chini ya mara 2: jumla 5. Ili zitoshe 5, kila kurudi kuwe kutupu. Lakini wa kwanza kuvuka lazima awe mbuzi, na yeyote utakayemvusha wa pili, awe chui au majani, ukirudi mtupu umemwacha na mbuzi. Basi 5 haiwezekani, na inayofuata ni 7. Nimewahi kuona mtoto wa darasa la sita, tena wa mwisho kwenye mtihani, akiifikia hoja ya "kurudi kutupu" kabla ya wenzake wa kidato cha pili.

La mizani nalo lina swali la pili. Sarafu 9 zinafanana, moja ni nyepesi. Una mizani ya sahani mbili, bila mawe; itafute kwa kupima mara chache iwezekanavyo. Wengi watagawa nne kwa nne. Mwenye kugawa tatu kwa tatu anamaliza kwa kupima mara 2: zikilingana, nyepesi imo katika tatu zilizobaki, zisipolingana, imo upande ulioinuka. Kisha kati ya tatu hizo pima moja kwa moja. Ukimaliza uliza: zikiwa sarafu 27? Mwenye kuona kuwa ni mara 3 ameshashika jambo.

Dada_Sifuri
Mwalimu shikamoo. Nakubaliana na swali la pili, ila mafumbo mengi ya mantiki hayana la kwanza la maana. Mfano wa wakweli na waongo, ambapo kila mtu ama husema kweli daima ama uongo daima: Juma anasema, "Mimi na Asha sote ni waongo." Watu wawili, hali nne tu. Mtoto anabahatisha, anapata, anakaa kimya na unadhani ameelewa.

Mwl_Witiri
Marahaba. Ndiyo maana jibu pekee halipokelewi. Aandike jedwali la hali zote nne, na afute kila moja kwa sababu. Juma akiwa mkweli, basi kauli yake inamfanya mwongo. Hiyo imejipinga, hali mbili zimeondoka kwa mpigo. Kwa hiyo Juma ni mwongo, kauli yake si kweli, na si kweli kwamba wote ni waongo. Asha mkweli. Mtoto aliyeandika hivyo hakubahatisha. Halafu mpe kalamu, atunge lake la watu watatu. Kutunga ni kugumu kuliko kujibu, na utagundua mara moja nani alikuwa anakisia.

BabaZuu_Ohio
Nachangia upande wa AMC 8, binti yangu ameifanya huku. Maswali 25, dakika 40, unachagua jibu kati ya matano. Maswali ya mwisho mwisho ni mazuri sana, mengine tunayafanya pamoja jikoni jioni nzima. Shida ni ile saa. Chini ya dakika mbili kwa swali, mtoto anajifunza kuondoa majibu yasiyowezekana badala ya kufikiri hadi mwisho. Junior Challenge ya Uingereza nayo ni maswali 25 ila ina dakika 60, kidogo inapumua. Nashauri hivi: chukua swali moja la kuanzia namba 20 kwenda juu, futa majibu matano, futa saa, tafsiri kwa Kiswahili, waachie vikundi vya watatu watatu. Swali moja linatosha Jumamosi nzima. Karatasi zima liache hadi uwe na watoto wanaokwenda kushindana kweli.

TichaMoro
Nashukuru sana, hasa kwa hilo la kufuta saa. Niulize la lugha. Wangu wa darasa la sita wanasoma hisabati kwa Kiswahili, wa kidato cha pili kwa Kiingereza. Nikileta fumbo la maneno mengi, kundi moja linaachwa nyuma. Mnafanyaje?

Gredi7_Kisumu
Mwalimu, huku Kenya hesabu ni kwa Kiingereza tangu mapema, na hata hivyo watoto wangu wa gredi ya saba hukwama kwenye maneno kabla ya kukwama kwenye hesabu. Nimeamua kutumia mafumbo ya picha. Mfano ubao wa dama, miraba 64. Kata pembe mbili zinazotazamana kwa ulalo, zinabaki 62. Una vipande 31, kila kimoja kinafunika miraba miwili iliyo ubavu kwa ubavu. Je, vitaujaza? Hesabu inakubali, 31 mara 2 ni 62. Wape karatasi ya mraba wakate, wajaribu. Watajaribu mpaka mmoja aangalie rangi: kila kipande kinafunika mweusi mmoja na mweupe mmoja, lakini pembe zile mbili zilikuwa za rangi moja, kwa hiyo imebaki 30 kwa 32. Haiwezekani, na hakuna aliyehitaji sentensi ndefu.

MwanaLushi
Jambo wote, niko Lubumbashi. Kuna michoro ya mchangani hapa kwetu Kongo ambayo haihitaji lugha hata kidogo. Mwanzoni mwa karne ya ishirini mtafiti Emil Torday alipofika kwa Wakuba, alikuta watoto wanachora mistari iliyosukana kama wavu. Wakampa kazi ya kuchora vilevile bila kunyanyua kidole wala kupita mstari mmoja mara mbili, akashindwa, na aliandika jinsi walivyofurahi. Watoto wako watafurahi hivyohivyo.

Anza na mraba wenye mistari miwili ya ulalo ndani. Waache wahangaike. Kisha ongeza paa la pembetatu juu, uwe kama bahasha iliyofunguliwa. Ghafla inawezekana! Kwa nini mchoro wenye mistari mingi zaidi uwe rahisi? Waambie wahesabu mistari inayokutana kila kona. Mraba wa kwanza una kona nne zenye mistari mitatu, yaani witiri. Bahasha ina kona mbili tu za witiri, zile za chini, na lazima uanzie mojawapo na kumalizia nyingine. Kila kona ya katikati ya safari unaingia na kutoka, ndiyo maana inataka shufwa. Ni hoja ileile mwanahisabati Euler aliyoitoa mwaka 1736 kwa fumbo la kupita madaraja saba ya mji wa Königsberg, kila daraja mara moja tu.

Kete64
Hii ya bahasha nitawapelekea wangu kesho. Chaki na sakafu tu.

TichaMoro
Basi naona picha. Jumamosi hii: bahasha ya MwanaLushi kwa dakika ishirini, wote pamoja, kisha chui na mbuzi na swali la pili la Mwalimu Witiri. KenKen ya 4 kwa 4 nitaibandika mlangoni kwa wanaowahi kufika. AMC swali moja, mwisho wa mwezi. Ninachokosa ni kitu cha kuwapa waende nacho nyumbani bila karatasi.

Dada_Sifuri
Waandike kiganjani: MIA + MIA = ELFU. Kila herufi ni tarakimu moja, herufi tofauti ni tarakimu tofauti. Majibu yapo zaidi ya moja, kwa hiyo hata wakiambiana Jumatatu haliharibiki. Washindane nani anayo mengi.

Gredi7_Kisumu
Nimepata 764 + 764 = 1528. Iko sawa?

Dada_Sifuri
Iko sawa, herufi saba na tarakimu saba tofauti. Na 853 + 853 = 1706 nayo inakubali. TichaMoro, usiwape hizi. Waulize kwanza kwa nini E lazima iwe 1, na kwa nini A haiwezi kuwa 0.

Mwl_Witiri
Na wa kidato cha pili waulize M inaanzia ngapi. Watakuta ni 5, kwa sababu chini ya hapo jumla haifiki elfu. Kisha wajaribu hiyo 5 yenyewe: L inakuwa 0, na I haiwezi kuzidi 4, maana ikizidi L itakuwa 1 na kugongana na E. Kuanzia hapo wataweza kuorodhesha yote ya M = 5 bila kuruka hata moja.