Dada kaambiwa atachomwa sindano ya chembe za chuma kutafuta tezi za kwapani, naomba kueleweshwa

binti_pangani:
Habarini za jioni wapendwa. Dada angu yuko Uingereza, mwezi uliopita kagundulika na kansa ya titi, wanasema bado ndogo. Sasa kabla ya opresheni watamchoma maji ya kahawia yenye chembe za chuma, eti za nano, ziwaonyeshe tezi za kwapani. Jana kanipigia usiku analia, "wananitia chuma mwilini". Mama huku hajalala, anauliza hiyo ni mionzi au nini? Mwenye kujua anisaidie nimjibu kitu cha kueleweka.

mpiga_picha_dar:
Poleni sana. Mimi niko idara ya eksirei. Mwambie mama haina mionzi kabisa. Iko hivi, majimaji ya titi yana vijia vyake kwenda kwapani na kansa ikitaka kusambaa hupita humo humo, sasa kuna tezi moja mbili tatu hivi zinazopokea kwanza. Wakizitoa hizo maabara wakazikuta safi, zilizobaki kwa kawaida haziguswi. Zamani walikuwa wanakomba kwapa zima na kina mama wengi wakabaki na mkono uliovimba, kufua shida, kubeba ndoo shida, mimi nimewaona. Hizo chembe ni za kuonyesha njia tu, kama kuna kansa au hakuna anasema mtu wa maabara na hadubini yake. Kila moja ni kama nanomita 60, ndogo mno haionekani kwa macho, inaingia kwenye vijia halafu inanasa kwenye tezi. Daktari anapitisha kifaa cha sumaku kwapani, kikikaribia kinalia, na vyuma vya kupanulia kidonda anaweka pembeni anatumia vya plastiki visimvurugie. Yenye mionzi ni ile njia nyingine ya kutafuta tezi, sindano ya teknishiamu, nayo kidogo tu, nguvu inapungua nusu kila masaa 6 kwahiyo lazima pawe na kitengo cha nyuklia na muda ubane. Ya chuma inaweza kuchomwa hata siku kadhaa kabla. Kwa hospitali zetu za mikoani hii naitamani sana ifike.

mama_nuru:
Mdogo wangu, mimi nilichomwa hiyo hiyo huku huku Uingereza. Sindano karibu na chuchu, inawasha kama siafu, halafu nesi akanisugua kama dakika tano. Walitoa tezi mbili, mkono wangu mzima, nasuka nywele za wanangu kama zamani. Ila hospitali niliyokwenda hawakuniambia kuhusu doa. Nilipofungua bendeji nikakuta kahawia kama chai imemwagikia kitambaa, nikajua kansa hiyo imetoka nje, nililia bafuni peke yangu. Doa lile linakaa miezi, wengine zaidi. Mwambieni mapema. Na akija kupigwa MRI ya titi (picha ya mashine ya sumaku) baadae aseme alichomwa chuma, mimi picha ilitoka na giza sehemu ile wakababaika.

kijana_wa_voi:
Samahani naingilia, mzee wangu ana kansa ya tezi dume, hii inamhusu?

mpiga_picha_dar:
@kijana_wa_voi hiyo ni njia nyingine, chembe za chuma zinapita kwenye mshipa wa damu, kesho yake MRI. Tezi ya limfu isiyo na kansa, kama zile za kwapani, inazimeza inakuwa nyeusi kwenye picha, palipo na kansa panabaki peupe. Mwaka 2003 walitoa utafiti wa wanaume 80 wa tezi dume, MRI ya kawaida ilikamata asilimia 35 tu ya tezi zenye kansa, yenye chembe asilimia 90. Lakini dawa ile haikupata kibali cha kuenea, wanaoiendeleza ni Nijmegen kule Uholanzi. Kwa mzee muulize daktari kuhusu PET ya PSMA, picha ya kutafuta kansa ya tezi dume mwilini, Nairobi ipo.

binti_pangani:
Mungu awabariki. Nimemsomea mama yote, la doa karudia kuniuliza mara mbili. Ila kanikumbusha kitu, dada alipojifungua alitundikiwa dripu ya chuma ya kuongeza damu akavimba midomo.

mpiga_picha_dar:
Mpigie sasa hivi. Hilo daktari wake lazima alijue kabla hajachomwa, na wanazo njia zingine.

binti_pangani:
Nampigia.