Re: Shahada ya ualimu wa chekechea: mdogo wetu wa Gungu aanzie wapi?

Kutoka: Gungu, Kigoma

Wana Kigoma mlioko nje, wakubwa shikamooni, wengine habari za huko. Kuna binti hapa mtaani, umri miaka 24, ana cheti cha ualimu daraja la IIIA na anafundisha darasa la awali. Anataka shahada ya elimu ya awali. Wakala mmoja amemletea fomu ya diploma ya malezi ya watoto ya Australia, anasema "ualimu ni ualimu tu, mlango ni ule ule." Ni kweli? Na Ulaya kukoje? Tujibuni upesi, ukoo umeshaanza kutaja kiwanja.

Kutoka: Melbourne

Marahaba. Kiwanja kisiguswe kwanza.

Milango ni miwili. Diploma ile humtoa mtu akiwa mlezi wa kituo. Mwalimu ni mwenye shahada, kwa kawaida miaka 4, na kozi yenyewe lazima iwe kwenye orodha ya ACECQA, mamlaka ya taifa ya ubora wa elimu na malezi ya watoto wadogo. Orodha iko wazi mtandaoni. Linganisha jina la chuo na jina la kozi neno kwa neno, kwa sababu zipo shahada zenye "utoto wa awali" kwenye jina ambazo ni za nadharia tupu, hazina mafunzo ya darasani, na mhitimu wake hahesabiwi kuwa mwalimu. ACECQA hao hao ndio wanaopima vyeti vya anayeomba kuhamia kama mwalimu wa chekechea. Ukikosea hapa mwanzoni, umekosea na huko mwishoni.

Sijasema diploma haina faida. Vyuo vingi humpunguzia mwenye nayo muda wa shahada. Ila wakala akuandikie: inapunguza muda gani, katika chuo kipi. Akianza kuzungukazunguka, mwagane salama.

Kiingereza ndicho kinachokwamisha wengi. Kozi nyingine hukubali IELTS 6 au 6.5, lakini ualimu vyuo vingi huanzia 7, vingine 7.5. Anayekwama mara nyingi hukwama kwenye kuandika. Mtihani unafanyikia Dar na matokeo yanadumu miaka 2, kwa hiyo asikimbilie kuufanya wakati vyeti bado havijakaa sawa.

Pesa ya kuonyesha unapoomba viza: ada ya mwaka mmoja, nauli, na dola za Australia 29,710 za kuishi mwaka mmoja. Kiwango hicho kilianza Mei 2024. Ombi la viza ni dola 2,000 tangu Julai 2025, na hazirudi hata ukinyimwa. Kinachowaponza watu ni pesa iliyoingia benki kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi. Ofisa anauliza imetoka wapi. Kama ni ya mjomba, weka vyeti vya kuzaliwa vinavyoonyesha huyo ni mjomba kweli, na ushahidi wa biashara yake.

Akifika ataruhusiwa kazi saa 48 kwa kila wiki 2 wakati wa masomo. Mafunzo ya vitendo yaliyo sehemu ya kozi hayaingii kwenye saa hizo, lakini hayana malipo, na posho ya serikali ya mafunzo si ya wanafunzi wa kigeni. Yakianza unakaa kituoni siku nzima, wiki kadhaa mfululizo, na kibarua kinasimama. Bajeti nyingi zinapasukia hapo.

Kutoka: Brisbane

Nishikie hapo kwenye vitendo, maana wengine huyachukulia kama BTP, yale mazoezi ya kufundisha ya vyuo vya ualimu vya nyumbani.

Shahada inadai siku zisizopungua 80 za kufundisha chini ya usimamizi, na angalau 10 kati yake ziwe na watoto wa chini ya miaka 3. Kabla ya siku ya kwanza unahitaji kibali cha kufanya kazi na watoto. Kila jimbo lina chake, na hapa Queensland tunakiita "blue card". Usikiombe wiki ya mwisho.

Mwalimu wa kwetu anajua azimio la kazi na andalio la somo: mada, lengo, zana, muda. Huku mpango unaanzia kwa mtoto. Unamwangalia, unaandika alichofanya bila kupamba, unaeleza kinaonyesha anajifunza nini, ndipo unapanga cha kesho. "Juma alicheza vizuri na maji" haitoshi. Andika kwamba alijaza kikombe kikubwa kwa kidogo mara nne, akahesabu hadi tatu, ya nne akaiita "nyingine". Hapo msimamizi anaona namba, na wewe una sababu ya kuweka vikombe vya ukubwa tofauti kesho yake. Kuwakalisha wote mkekani waitikie kwa pamoja kuna nafasi yake, dakika chache. Ukifanya hivyo asubuhi nzima utaandikiwa kwamba hujui kufuata mtoto.

Idadi ni sheria. Chini ya miezi 24 ni mtu mzima mmoja kwa watoto 4. Miezi 24 hadi 36 ni mmoja kwa 5, isipokuwa Victoria ambako ni 4. Zaidi ya hapo ni 11, na majimbo mengine, kama New South Wales, 10. Aliyezoea darasa la awali ambalo kiwango chake ni 25, na wanaoketi ni zaidi, anaona raha. Raha inaisha akigundua kwamba kila akihama chumba lazima ahesabu vichwa na kusema kwa sauti anakwenda wapi.

Kubadili nepi nako kunapimwa. Andaa vitu vyote kwanza ili usimwache mtoto mezani hata sekunde. Glovu, futa mbele kwenda nyuma, glovu na uchafu kwenye pipa, mvishe, mnawishe mikono, nawa yako, safisha meza, nawa tena. Ukiruka kunawa mara moja inaandikwa. Na simu yako binafsi haipigi picha ya mtoto, hata akicheka vipi.

Kozi nyingi, hasa zinazokuandaa kufundisha na shule ya msingi, zina pia mtihani wa lugha na hesabu, LANTITE, usipoupita huhitimu. Hesabu ina sehemu isiyo na kikokotoo: asilimia, uwiano, kusoma grafu. Aufanye mapema, asiusubiri mwaka wa mwisho.

Kutoka: Göteborg

Kwa Sweden nitasema kifupi. Shahada ya förskollärare, yaani mwalimu wa chekechea, ni högskolepoäng (pointi za masomo ya chuo) 210, mihula 7, na vitendo ni 30 kati ya hizo, kama wiki 20. Inafundishwa Kiswidi, na sharti ni kufika kozi ya juu ya Kiswidi cha sekondari. Aliye huku kwa kibali cha familia au ukimbizi anaanza SFI (Kiswidi cha wahamiaji), anaendelea komvux (elimu ya watu wazima), na ada ya chuo hakuna. Wazee wa kambi ya Nyarugusu waliohamishiwa huku na watoto wao, hii ni yenu. Mwenye shahada ya ualimu ya nyumbani apeleke vyeti UHR, mamlaka ya elimu ya juu ya huku, vitathminiwe, kisha aangalie ULV, mpango wa walimu waliosomea nje.

Binti wa Gungu hana Kiswidi. Asidanganywe.

Kutoka: Tabora mjini

Mmesahau njia ya nyumbani. UDSM na UDOM wanatoa shahada ya elimu ya awali, na mwanafunzi anaweza kuomba mkopo wa HESLB. Daraja la IIIA peke yake halimwingizi. Apitie diploma ya ualimu kwa wastani wa B, au kidato cha sita chenye "principal pass" mbili. Akimaliza ndipo aombe shahada ya uzamili ya ualimu wa chekechea Australia: miaka 2 ya ada ya kigeni badala ya 4, na siku 60 za vitendo. Hesabu hiyo hata muuza dagaa wa Kibirizi anaipiga bila kalamu.

Kutoka: Gungu, Kigoma

Asanteni sana. Ya Tabora imeingia akilini, kiwanja kimepona. Je, kuna cha kufanya sasa hivi?

Kutoka: Melbourne

Viwili. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha NECTA, NIDA na pasipoti vifanane herufi kwa herufi. Majina yetu hubadilika kila karani anapoyaandika, na kurekebisha ukiwa mbali ni mateso.

Pili, aende chuo alichosomea ualimu aombe barua yenye nembo na mhuri: BTP ilikuwa wiki ngapi, shule gani, watoto wa umri gani, nani alisimamia. Ripoti ya matokeo huonyesha alama tu, na huku watauliza siku na umri. Aiombe wakati wakufunzi wanaomkumbuka bado wapo.