Nina milioni 14, nataka kujenga vyumba vya kupangisha Kibaha. Mkopo nichukue sasa au nisubiri?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mtumishi wa umma hapa Dar, mshahara ghafi mil 1.5 ila makato yote yakishapita mkononi inabaki kama mil 1.1. Nimejibana mpaka nimefikisha mil 14, ziko UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja), Mfuko wa Ukwasi. Nina mke na mtoto, tumepanga Kimara.

Ninachotaka ni vyumba vinne vya masta, choo ndani na kajiko kadogo, upande wa Kibaha maana vijana wa viwandani kule wanahangaika sana na vyumba. Benki inayopitisha mshahara wangu wanasema napata mil 30, miaka 7, riba 13%. Jamaa wa ofisini wananiambia chukua fasta ununue viwanja kabla bei haijapanda, mke wangu anasema tusubiri. Waliopita njia hii naomba mniambie mkopo unaingia wapi hapo, na kama kuna njia nyingine ya kupata hela. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Kupaua
Mkuu msikilize mkeo kwa sasa. Mil 30 kwa masharti hayo makato ni kama laki 5 na elfu 46 kila mwezi, ukimaliza umerudisha karibu mil 46. Na makato yanaanza mwezi unaofuata, hayasubiri umwage msingi wala upate mpangaji. Sasa ukinunua viwanja vikakaa na majani, hiyo hela inatoka kwenye ugali wa nyumbani miaka 7 yote.

Fanya hivi, hiyo mil 14 yako ndiyo inunue kiwanja na kunyanyua boma (kuta bila paa) mpaka lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Kibaha ukiingia ndani kidogo kutoka barabara kuu bado unapata kiwanja kwa mil 4 mpaka 6. Boma likishasimama ndo ukope, na ukope ile ya kupaua na kumalizia tu, tuseme mil 15, makato yatakuwa kama laki 2 na elfu 73. Vyumba vinne kwa elfu 80 ni laki 3 na 20, toa kodi ya zuio ya pango 10% inabaki laki 2 na elfu 88. Hapo nyumba inajilipia yenyewe, ila chumba kimoja kikikaa wazi ujue unaongezea kutoka mfukoni, kwahiyo usiingie ukiwa huna akiba kabisa.

Kijana wa Mjini
Mi napingana na mzee kidogo. Saruji na nondo bei zinapanda, ukisema ujenge mdogo mdogo boma linaota miti ndani, tumeyaona mengi. Chukua mkopo jenga mara moja wapangaji waingie.

Mzee wa Kupaua
Kijana sijasema akae miaka, nimesema asikope kabla ya lenta. Boma la vyumba vinne fundi mzuri mwenye tofali saiti hachukui muda mrefu, kinachochelewesha ni hela na hela anayo.

Dada wa Sheria
Kaka kabla ya tofali, karatasi. Tafuta kiwanja kilichopimwa na chenye hati, halafu nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi ujue mmiliki ni nani na kama kimewekwa rehani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa kukugongea muhuri siyo uthibitisho wa umiliki, huyo ni shahidi tu. Muuzaji akiwa na ndoa taka ridhaa ya mwenza wake kwa maandishi, wengi wanashtakiwa hapo. Ukiambiwa eneo ni ardhi ya kijiji uliza mara mbili maana utaratibu wake ni mwingine, una sheria yake ya 1999, na hati ya kimila benki nyingi haziipokei kirahisi kama dhamana. Na hati isome miaka, ni 33, 66 au 99, na imebaki mingapi.

Mtumishi (mwanzisha uzi)
Asanteni sana. Dada, kuna kampuni inauza viwanja kwa awamu miezi 12, hati unapewa ukimaliza, hiyo vipi? Na mikopo ya nyumba ile ya miaka 20 mbona hamjaitaja?

Dada wa Sheria
Awamu siyo mbaya, ila hati mama, yaani hati ya eneo zima, wakuonyeshe sasa siyo mwishoni. Mimi nimesimamia mteja aliyemaliza kulipa ndo akaambiwa upimaji haujaidhinishwa. Kama hawataki ufanye upekuzi, ondoka.

Afisa Mikopo
Mkopo wa nyumba upo mkuu, TMRC, kampuni inayozikopesha benki kwa ajili ya mikopo ya nyumba, ilianzishwa 2010 kuzipa fedha za muda mrefu ndo maana siku hizi miaka inafika 20, ila wao hawakukopeshi wewe moja kwa moja, unaenda benki. Shida kwako ni kwamba dhamana ni hati yenye jina lako, kuna gharama za uthamini na kusajili rehani, na kwa mkopo mdogo wa mil 15 gharama hizo zinauma. Wa mshahara unakufaa zaidi hapo. Kumbuka tu lazima theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato yote, na bodi ya mikopo ya elimu inahesabiwa humo. Ila kabla hujaja kwetu ulizia SACCOS (chama cha akiba na mikopo) ya kazini kwako, nyingi zinatoa mara tatu ya akiba na riba yao ukilinganisha mara nyingi ni nafuu.

Mtumishi (mwanzisha uzi)
SACCOS tunayo ila nachangia elfu 30 tu kwa mwezi.

Afisa Mikopo
Ongeza kuanzia mwezi huu, na uulize kama wanaruhusu kuweka akiba ya mkupuo. Wakiruhusu, mil 3 kwenye ile 14 ikienda kule inaweza kukupa 9 ya kupaulia, benki ukaja kwa kiasi kidogo tu. Ila soma masharti, vyama vingine vinataka akiba ikae miezi kadhaa kwanza.

Mzee wa Kupaua
Hiyo nzuri kuliko yangu. Basi punguza ukubwa wa kiwanja, usipunguze nondo. Na uliza maji na nguzo ya umeme viko umbali gani kabla hujalipa chochote, kuvuta hivyo viwili kunaweza kula bajeti ya bati zote.