Re: Fomu ya madai imerudishwa tena (bakshishi, Washington DC/Maryland)

Mama Neema, Silver Spring:
Habari za kazi wanajumuiya. Jamani nimechoka. Restoran yetu iko huku Silver Spring, Maryland, ila Agosti 2025 walinipeleka wiki mbili tawi lao la DC. Slipu ya mshahara imekuja na saa zote kwa dola 4, kima cha huku cha mhudumu anayepokea bakshishi, yaani kama vile sikuvuka mpaka. Nimepeleka madai ofisi ya huku, fomu imerudi: eti si eneo letu. Nimekwenda kwa wenzao wa DC, nao wanasema anwani ya mwajiri si ya kwao. Nidai wapi?

Salim:
Pole dada. DC mambo yalishaisha, I-82, kura ya wananchi ya kufuta kima kidogo cha wahudumu, ilipita 2022. Agosti hiyo ilikuwa dola 17.95 kamili kwa saa, bakshishi juu.

Otieno:
Salim, usipotoshe watu. Wananchi walipiga kura, baraza la DC likaikata miguu Julai 2025. Mhudumu aliachiwa dola 10 hadi Julai 2026, kisha ikapangwa ipande kidogo kidogo. Hata I-77, kura kama hiyo ya 2018, waliifuta.

Salim:
Sawa, wakili. Lakini bakshishi isipofikisha kima hicho kamili mwajiri anajazia. Na hilo nimekosea?

Otieno:
Hilo uko sawa. Ila mwajiri akijazia, umewahi kumwona?

Bi Zuhura, Arlington:
Mnagombania 10? Karibuni Virginia: dola 2.13 kwa saa, haijasogea tangu 1991. Juzi nimekunja uma na visu kwenye leso za karatasi hadi saa saba usiku, makasha mawili, viti vimeshapandishwa mezani. Mteja hayupo, bakshishi itoke wapi?

Mzee Mwakalinga:
Nyumbani mtu anakuachia chenji ya chapati na dua juu yake. Na tangu Julai 2025 Mama Samia kapandisha kima cha chini, shilingi 370,000 hadi 500,000. Mimi nafikiria kurudi.

Salim:
Shikamoo mzee. Hiyo ni ya watumishi wa umma! Mdogo wangu anahudumu hotelini Arusha, hiyo laki tano anaisikia redioni tu.

Mzee Mwakalinga:
Marahaba. Siasa sikuianza mimi.

Mama Neema:
Asanteni wote. Sasa fomu niipeleke wapi? Siku yangu ya mapumziko ni Jumanne tu.

Bi Zuhura:
Mwanangu, Jumanne hiyo ukipita kwa yule Mhabeshi wa Georgia Avenue, niulizie kama unga wa muhogo umefika.