Melankoliki au flegmatiki? Kila dodoso linanipa jibu lake

Njia Panda:
Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo yenu. Anayetaka kuniambia mambo ya hulka ni upuuzi namwomba asubiri kidogo, zamu yake itafika tu.

Nina miaka 34, mwanaume, nimeoa. Kazini nasifiwa kwa utulivu. Kikao kinaweza kuwaka moto, watu wanarushiana maneno, mimi nimekaa pembeni naandika. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma zile hulka nne, yaani aina nne za tabia ambazo watu hugawanywa: sanguini, koleriki, melankoliki na flegmatiki. Sanguini siyo mimi, soga zinanichosha. Koleriki ndiyo kabisa, sijui kuamrisha watu. Kazi iko kwenye hizi mbili za wakimya, melankoliki na flegmatiki. Nimejaza madodoso manne: mawili yamesema melankoliki, moja flegmatiki, la mwisho likanigawa nusu kwa nusu.

Mke wangu hana hata shaka, anasema flegmatiki, maana "wewe hata ukikanyagwa husemi". Dada yangu niliyekua naye aliposikia hivyo alicheka mpaka akakaa chini. Anasema hajawahi kuona mtu mwenye kinyongo kirefu kama changu.

Nikisoma maelezo ya melankoliki najiona. Nikisoma ya flegmatiki najiona. Nyie mnatenganishaje? Natanguliza shukrani.

Mchokozi:
Nusu kwa nusu ni jibu la mtu aliyejaza dodoso huku anasinzia. Rudia ukiwa macho mkuu.

Mama Wawili:
Kaka, mimi nimeishi na wote wawili, nikueleze. Marehemu baba alikuwa mkimya. Mume wangu ni mkimya. Mgeni akiwakuta wamekaa pamoja angesema baba na mwana wa kumzaa.

Ila kimya cha baba kilikuwa na shughuli ndani. Ukimwambia neno baya leo, anaitikia "sawa", anaendelea na mambo yake. Baada ya wiki tatu, mnaongea habari nyingine kabisa, anakurudishia lile neno lako kama ulivyolitamka, hajapunguza hata herufi. Mume wangu nikimuuliza "unawaza nini?" ananijibu "hakuna". Ilinichukua miaka mitano ya ndoa kuamini kwamba kweli hakuna! Nilikuwa nalia nikidhani ananificha kitu. Mwenzangu kapumzika tu.

Kwa hiyo swali langu kwako: ukikanyagwa usiseme, usiku unalala?

Fundi Saa:
Mama Wawili kamaliza nusu ya kazi. Naongezea kidogo.

Majina haya ni ya kale sana. Waganga wa Ugiriki, wale wa shule ya Hippocrates, waliamini mwili una majimaji manne: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na makohozi. Galen, naye mganga, akaja karne ya 2 baada ya Kristo akayahusisha na tabia za watu. Melankoliki maana yake ni nyongo nyeusi, flegmatiki ni makohozi. Habari ya majimaji ilishatupwa zamani. Nafurahi tu kwamba hata sisi tukimtaja mtu asiyesahau tunasema ana kinyongo.

Sasa tofauti yenyewe. Hans Eysenck, mwanasaikolojia aliyezaliwa Ujerumani akafanyia kazi London, alizipanga hulka hizi kwa mistari miwili inayokatana. Mstari mmoja unapima kama mtu anaelekea nje kwa watu au ndani kwake. Wa pili unapima jinsi hisia zake zinavyotikisika. Kwenye mstari wa kwanza melankoliki na flegmatiki wamekaa upande mmoja, wote wa ndani. Wanaachana kwenye ule wa pili: melankoliki anatikisika kwa urahisi na anachelewa kutulia, flegmatiki upepo unapita yeye yupo palepale.

Ndiyo maana madodoso yanakuchanganya. Mengi yanauliza unafanya nini: unaongea sana? unapenda mikusanyiko? Hapo wakimya wote wanajibu sawasawa. Jiulize kwa nini unafanya. Chukua mfano wa kuahirisha kazi. Faili limelala mezani wiki nzima. Melankoliki hajaligusa kwa sababu kichwani tayari ameliandika mara sita na mara zote halikumridhisha. Flegmatiki hajaligusa kwa sababu hajaona haraka iko wapi. Mpita njia anaona faili lilelile na vumbi lilelile.

Au ombi usilolitaka. Flegmatiki anakubali ili yaishe, kisha kwa upole kabisa hafanyi. Melankoliki anakubali, anafanya vizuri kupita ulivyoomba, halafu moyoni anakudai.

Mchokozi:
Hapo kwenye "moyoni anakudai" umenitaja bila kunitaja jina. Natoka kidogo, narudi.

Mtoa Pazia:
Zamu yangu imefika, Njia Panda, asante kwa kunitunzia kiti.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 dodoso la haiba, kisha akampa kila mmoja maelezo "yake". Waliombwa wayape alama kutoka 0 hadi 5 kwa jinsi yalivyowagusa. Wastani ukawa 4.26. Kumbe wote walipewa karatasi moja yenye maneno yaleyale, mengi kayaokota kwenye kitabu cha unajimu. Maneno ya aina ya "kwa nje unaonekana jasiri, ndani una mashaka". Nani hana mashaka?

Kwa hiyo kusoma maelezo na kujiona siyo ushahidi wa kitu. Mpe mkeo maelezo ya hulka zote nne, afute majina, achanganye, akusomee. Nina hakika hata sanguini utajikuta humo mahali.

Na jambo la pili, watafiti wa haiba siku hizi hawagawi watu kwenye makopo. Wanapima vipimo vitano, na kwa kila kimoja watu wengi wako katikati, wachache ndio wako pembeni kabisa. Unatafuta mpaka pasipo na ukuta.

Fundi Saa:
Nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Ule mtikisiko wa hisia ni kimojawapo cha hivyo vitano, na kuelekea nje au ndani ni kingine. Makopo tuyatupe, swali libaki: huyu bwana anatikisika kiasi gani, na kwa nini watu wawili wanaompenda wameona vitu viwili tofauti?

Mlezi wa Usiku:
Mimi ni muuguzi, nina moja tu. Mtu aliyechoka sana anafanana na flegmatiki. Hana neno, hana hasira, lolote sawa. Watu wanasema "katulia", kumbe kazimika. Njia Panda, dada yako anakukumbuka ukiwa mdogo, mkeo anakujua sasa. Umebadilika lini? Kama ni wiki mbili au zaidi huna raha na vitu ulivyokuwa unavipenda, usingizi umeharibika, nguvu hakuna, achana na madodoso ya hulka, kamwone mtaalamu wa afya ya akili.

Njia Panda:
Nimerudi wakuu. Mlezi, asante, nimejikagua. Raha bado ninayo, vitu vyangu bado navipenda. Usingizi ndiyo mada.

Jaribio la Mtoa Pazia tumelifanya. Katika maelezo manne nilikubali matatu, na moja lilikuwa la koleriki. Mke wangu kacheka sana.

Lakini lililonikamata ni swali la Mama Wawili. Wiki iliyopita kazi niliyoifanya mimi ilisifiwa kikaoni kwa jina la mwenzangu. Nikanyamaza, naandika kama kawaida. Usiku tatu mfululizo nililala nikitunga majibu. Mazuri kweli, yana aya. Nikagundua ni kitu nafanya tangu shule, ila nimejifunza kukifanya bila uso kubadilika. Dada alikuwa akilala chumba kimoja na mimi, alikuwa ananisikia nikigeuka. Mke wangu anapata uso tu.

Basi jana nikamweleza. Akaniuliza, "kwa hiyo ile siku nilipokukatisha mbele ya rafiki zako, ilikuuma?" Nikasema iliniuma. "Ile ya mwaka juzi?" Nikamwambia ndiyo, na nikamtajia alichokuwa amevaa.

Amekuwa kimya tangu hapo. Nimemuuliza mara mbili anawaza nini, anasema hakuna.

Mama Wawili:
Mhh. Hiyo "hakuna" usiiamini kaka.